Majina ya kampuni: Maneno yalitoka wapi, na nani ana haki nayo?

Msafiri atokaye Voi kuelekea Taveta hulakiwa na safu ndefu za mkonge anapokaribia mji wa Mwatate. Safu hizo ni za Teita Sisal Estate, mojawapo ya mashamba makubwa kabisa ya mkonge ulimwenguni. Wenyeji wamelizoea jina hilo kiasi kwamba hawalitazami tena. Lakini mtu akilichambua neno moja baada ya jingine, atagundua kwamba ndani yake mna safari ya kuvuka bahari mbili.

'Teita' ni tahajia ya wakoloni, walioiandika hivyo hata katika hati za iliyokuwa wilaya yenyewe. Serikali na wananchi waliiacha zamani wakaandika 'Taita', bali kampuni ikabaki na herufi yake ya E, kama mzee asiyetaka kubadilisha mtindo wa kofia. 'Sisal' nalo si neno la Kiingereza kwa asili. Ni jina la bandari ndogo katika rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, ambako nyuzi za mmea huo zilipakiwa melini. Wanunuzi wa ng'ambo waliziita nyuzi hizo kwa jina la bandari, na jina likashikamana nazo hadi leo.

Mmea wenyewe ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Waswahili walipouona hawakuhitaji kuazima jina. Walikuwa tayari na neno 'mkonge', walilolitumia kwa mmea wa mwituni wenye majani ya nyuzi imara, wakamkaribisha mgeni katika jina la mwenyeji. Nyuzi zake wakaziita 'katani', kutoka Kiarabu 'kattan', yaani nyuzi za kitani. Huko Tanga kampuni moja mashuhuri ya mkonge ilijiita Katani, bila nyongeza yoyote. Kwa hiyo bidhaa ni moja, mashamba ni ya ukanda mmoja, lakini upande mmoja wa mpaka ubao wa kampuni unataja bandari ya Meksiko, na upande wa pili unazungumza Kiswahili.

Nilianza kuyatafakari haya kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja wa Mwatate husuka vikapu vya mkonge, na mwaka uliopita waliamua kuacha kuviuza mmoja mmoja kando ya barabara, waunde kampuni. Walichagua jina, wakachangishana fedha, wakaenda kwa mchapishaji ambaye aliwatengenezea vibandiko elfu mbili na ubao wa rangi. Ndipo walipotuma maombi ya usajili. Jibu lilikuja kwamba jina linalofanana sana na hilo limekwisha kuchukuliwa. Jina lenyewe silitaji, maana lina mwenyewe.

"Mjomba, kazi yako ni maneno," aliniambia siku nilipowatembelea, vibandiko vikiwa bado katika katoni chini ya meza. "Tupe jina ambalo halitatutia hasara ya pili."

Nilimwomba anipe muda. Mhariri akiulizwa swali la neno moja huhitaji kamusi tatu.

Tuanze na neno 'kampuni' lenyewe. Lilitujia kupitia Kiingereza, lakini chimbuko lake ni maneno mawili ya Kilatini: 'com', yaani pamoja, na 'panis', yaani mkate. Wenye kampuni, kwa asili ya neno, ni watu wanaokula mkate mmoja. Neno letu jingine, 'shirika', lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugawana au kuwa na sehemu katika jambo, na limetuzalia shiriki, mshirika na ushirika. Hivyo lugha mbili zisizo na udugu ziliifikia fikra ile ile, ya watu waliokubali kula pamoja na kugawana. Hata 'hisa' ni Kiarabu cha fungu la mtu. 'Benki' ni Kiitaliano, kutoka katika jina la benchi ambalo wabadilisha fedha waliketia sokoni. Na 'duka' lilitoka Asia, likapita midomo ya Waajemi, Waarabu na Wahindi kabla ya kujenga kibanda chake Mombasa.

Majina ya kampuni zetu za zamani hayakuwa na mafumbo. Lord Delamere alipoanzisha kampuni ya kusaga nafaka mwaka 1908 aliiita Unga. Hakuna jina lililo wazi kuliko hilo, ingawa naona ajabu kwamba mlowezi wa Kiingereza alichagua neno la Kiswahili wakati ambapo wenzake walijaza ramani majina ya kwao. Pengine alitambua mapema kwamba bidhaa hununuliwa na yule anayeweza kuitamka.

Bia ya Tusker ina kisa cha huzuni. Kampuni ya pombe iliundwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, akauawa na ndovu alipokuwa mawindoni. Nduguye aliipa bia jina la ndovu mwenye pembe kubwa kwa ukumbusho. Wanywaji wengi hulitaja jina hilo kila jioni bila kujua kwamba wanataja msiba.

Uchumi ni jina ninalolipenda kwa sababu ya mzizi wake. Duka hilo lilianzishwa mwaka 1975, na wengi hudhani neno 'uchumi' ni istilahi iliyoundwa ofisini. La hasha. Linatokana na kitenzi 'chuma', kama mtu achumavyo matunda mtini au kuchuma mali. Mwenye kuingia dukani na kikapu, akichukua kitu rafuni, alikuwa akichuma hasa. Ni bahati mbaya kwamba mti wenyewe ulinyauka. Duka lilifunga milango mwaka 2006, likafufuliwa, kisha likadidimia tena.

Washindani wake walizaliwa kwa njia nyingine, ile ya kuunganisha vipande. Nakumatt ni Nakuru na magodoro, kwani biashara hiyo ilianzia katika kuuza magodoro mjini Nakuru. Naivas imetokana na Naivasha, na Naivasha yenyewe ni matamshi ya wageni ya neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka kwa mawimbi. Wadeni wa Nakumatt waliamua mwaka 2020 kwamba ivunjwe, na leo kijana asiyeikuta hawezi kujua kwamba jina lile lilikuwa na mji na godoro ndani yake.

Kuna majina ambayo huishi kadiri aliyeyatoa anavyoishi madarakani. Baada ya Rais Daniel arap Moi kushika uongozi mwaka 1978 na kuahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, neno 'nyayo' lilitua kila mahali. Palikuwa na mabasi ya Nyayo, na hata gari la Nyayo Pioneer, lililoanza kushughulikiwa mwaka 1986, likaonyeshwa kwa umma mwaka 1990 na lisifike kamwe katika maduka ya magari. Mabasi yalitoweka. Lililosalimika ni shirika la mashamba ya chai, ambalo bado linaitwa Nyayo, na sidhani kama wachumao majani yake hufikiria wayo wa mtu yeyote.

Lakini kama kuna kampuni iliyofanya Kiswahili kiwe mtaji, ni Safaricom. Iliundwa mwaka 1997. 'Safari' ni neno tulilolipata kwa Kiarabu, nasi tukawapa Waingereza katika karne ya 19. Wao wakalifanya kuwa ziara ya kutazama au kuwinda wanyama, maana ambayo sisi hatukuwa nayo. Kwetu hata anayekwenda Wundanyi kumwona shangazi yumo safarini.

Mwaka 2007 ilikuja M-Pesa. 'Pesa' ni 'paisa' ya Wahindi, na watu wa pwani waliishika mkononi muda mrefu kabla ya simu. Kampuni ya Uingereza iliyotawala eneo hili ilikuwa ikitoa sarafu za shaba za jina hilo mjini Mombasa tangu mwaka 1888. Herufi ya M ilikusudiwa kusimamia neno la Kiingereza la simu ya mkononi, lakini sikio la Mbantu husikia kiambishi cha ngeli, kama katika mtu au mti. Ndiyo maana jina halikutushangaza. Lilitupa kazi sisi wahariri tu: je, tuandike M-Pesa imekatika, au umekatika? Tulikubaliana na 'imekatika', kwa kuwa pesa yenyewe ni ya ngeli hiyo, na mtaani watu walikuwa wamekwisha kuamua bila kutuuliza.

Baada ya hapo kampuni hiyo ilizamia baharini kutafuta maneno. Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, ni usemi wa mabaharia. M-Shwari ya mwaka 2012 ni utulivu wa bahari baada ya upepo. Kisha mwaka 2019 ikaja Fuliza. Kitenzi hiki kilikuwa karibu kusahaulika nje ya kamusi na mashairi. Maana yake ni kufanya jambo mfululizo pasipo kukatiza, nalo ni ndugu wa 'fululiza'. Aliyelichagua alijua Kiswahili, kwani huduma yenyewe humwezesha mtu kuendelea kulipa baada ya fedha zake kwisha. Nikiri hapa kwamba mwandishi mmoja chipukizi aliwahi kuniletea habari yenye sentensi 'mvua ilifuliza kwa siku tatu', nami nikamsikia mhariri mwenzangu akimuuliza iwapo mvua hiyo ilikopa. Kijana alikuwa sahihi. Neno lilikuwa limekwisha kubadilishwa maana na mabango ya barabarani katika muda usiozidi miaka miwili.

Hapo ndipo penye hatari ambayo si ya wafanyabiashara peke yao. Kampuni ikiazima neno la umma, neno hilo haliachwi lilivyo. 'Stima' lilikuwa chombo cha baharini kiendacho kwa mvuke. Nchini Kenya limekuwa nguvu za taa, hata wafanyakazi wa sekta hiyo wakaiita sako yao Stima. Watanzania husema umeme. Waganda, ambao wengi wao hujitenga na Kiswahili, walihudumiwa na kampuni iliyoitwa Umeme kuanzia mwaka 2005 hadi mkataba wake ulipomalizika Machi 2025, na kwa miaka hiyo ishirini jina la radi likawa pia jina la anayekuja kukata nyaya.

Sokoni yamekuwapo pia mageuzi ya majina yasiyo yetu kabisa. Mtandao mmoja wa simu ulioanza kama Kencell mwaka 2000 ukawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, kila mara wenye mali walipobadilika. Zain ni Kiarabu cha uzuri au pambo. Halikudumu miaka mitatu.

Je, neno lina mwenyewe? Swali hili limewahi kufika mbali. Mwaka 1983 Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, alipeleka London mchezo wa kupanga vipande vya mbao, akauita Jenga. Leo jina hilo ni alama ya biashara duniani, na hakuna fundi wa Mwatate aliyezuiwa kujenga. Kampuni ya Disney nayo iliomba mwaka 1994, ikapewa mwaka 2003, alama ya biashara ya 'Hakuna Matata' nchini Marekani kwa ajili ya fulana. Mnamo 2018 maelfu ya watu walitia saini malalamiko, wakisema usemi wa umma umeporwa. Sheria haikuwa kali kama hasira zao, kwani alama ile haimzuii mtu kuutamka usemi bali kuuchapisha katika bidhaa za aina hiyo huko Marekani. Hata hivyo naelewa uchungu wao. Kikundi cha Them Mushrooms cha Mombasa kilikuwa kimeutembeza usemi huo kwa watalii tangu mwaka 1982.

Kisa kilichotugusa zaidi sisi ni cha kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe kuwa mmiliki wa neno hilo, likiandikwa kwa Y mwishoni. Laiti ingefaulu, mfumaji wa Kenya angepeleka vikoi vyake Uingereza bila ruhusa ya kuviita vikoi. Pingamizi ziliwasilishwa na ombi likaanguka mwaka 2008.

Huku kwetu kanuni haiko mbali na hiyo. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haimruhusu mtu kujitwalia hivi hivi neno linaloelezea tu bidhaa yenyewe au sifa zake, wala jina la mahali katika maana yake ya kawaida. Muuza unga hawezi kumkataza mwenzake kusema unga. Na hapa ndipo wengi hukosea, akiwemo mpwa wangu: usajili wa jina la kampuni na usajili wa alama ya biashara ni vitu viwili tofauti, katika ofisi mbili tofauti. Jina la kampuni hutafutwa na kuhifadhiwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, na hifadhi hiyo hudumu siku 30. Alama ya biashara husajiliwa na taasisi ya KIPI, kwa kipindi cha miaka kumi kinachoweza kuongezwa. Mwenye kupata la kwanza asidhani amepata la pili. Na vyovyote iwavyo, utafutaji hutangulia uchapishaji, si kinyume chake.

Nilipomrudia mpwa wangu nilimwambia pia kwamba jina lao la kwanza lilikuwa na kasoro nyingine. Lilikuwa na neno 'kiondo' ndani yake. Kiondo ni neno la Wakikuyu na Wakamba, lenye heshima zake, lakini kikapu cha Taita kina ususi wake na wanunuzi wanaokijua hukiulizia kwa jina la Taita. Wasusi wa kaunti hii walikwisha kujiundia chama na alama ya pamoja kwa sababu hiyo hiyo, ili vikapu vyao visipotee katika rundo la vikapu vingine.

"Basi tuandike Taita," alisema mmoja wa akina mama.

"Jina la mahali ni la kila mtu, mama," nilimjibu. "Mnaweza kulitumia, hamwezi kulifungia kabatini."

Mifano ya karibu haikosekani. Ukiipita Mwatate kuelekea Maktau utaikuta hifadhi ya wanyama ya jamii iitwayo LUMO. Mgeni huliona kama neno la Kidawida, kumbe ni vipande vya majina ya ranchi tatu zilizoungana: Lualenyi, Mramba na Oza. Nalipenda kwa sababu ni fupi, linatamkika kwa lugha yoyote, na hakuna ranchi iliyomezwa na nyingine. Linazingatia hasa ile maana ya kale ya shirika.

Mfano mwingine umo ardhini. Wachimbaji wa Kamtonga na Mkuki, hapa hapa Mwatate, hutafuta jiwe la kijani ambalo ulimwengu huliita tsavorite. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona Tanzania mwaka 1967 na baadaye akalipata Taita Taveta. Jina lilitolewa mwaka 1974, yeye akishirikiana na Henry Platt wa kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, yule yule aliyeliita jiwe la Merelani tanzanite. Walichukua Tsavo, neno ambalo Wakamba hulieleza kuwa na maana ya mauaji, wakalitia kiishio cha Kigiriki ambacho wanajiolojia hukitumia kwa mawe. Basi bibi harusi wa New York huvaa pete yenye jina la machinjioni, na mchimbaji wa Kamtonga huuza jiwe ambalo jina lake halimtaji yeye wala kijiji chake. Sidai kwamba bei ingebadilika iwapo lingeitwa kwa jina la Mwatate. Ila Tanzania inatangazwa kila tanzanite inapotajwa, na hilo si jambo dogo.

Akina mama walisikiliza, wakajadiliana kwa Kidawida kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Mmoja alipendekeza 'Kimanga', chakula chetu cha kupondwa, wakacheka hadi machozi. Nilijaribu kuwatetea kwamba jina lisilohusiana na bidhaa ndilo rahisi kulindwa kisheria, lakini wakasema hawawezi kumuuzia Mzungu kikapu kwa jina la muhogo na maharagwe. Mwingine akataja 'Chawucha', yaani asante. Hapo kimya kilitanda kidogo. Mpwa wangu aliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akamwita bintiye wa darasa la pili alisome. Mtoto alilisoma mara moja bila kukwama.

Hatimaye walikubaliana juu ya majina matatu ya kutafutwa: moja la Kidawida, moja la Kiswahili, na la tatu likiundwa kwa herufi za mwanzo za vijiji vyao. Maombi yalitumwa Jumatatu iliyofuata. Vile vibandiko elfu mbili wamevigeuza, upande mweupe unatumika kuandikia bei.